Kombe Ulilolisoma Kabla ya Kunywa

Unguja, mwezi wa Rajabu, mwaka 1370, ambao serikali inauita 1951.

Mwana Esha,

Mwezi huu imetimia miaka arobaini tangu nitoke Siyu, kwa hesabu ya mwandamo, ile uliyokuwa ukiitumia wewe. Kwa kalenda iliyotundikwa dukani kwa jirani yangu, hata thelathini na tisa haijafika. Nimeishi na hesabu hizo mbili muda wote huu, na kila nilipoulizwa nilitaja ile ndefu.

Habari za kifo chako nilizipata baada ya Maulidi. Mahadhi, mtoto wa kaka yako Bakari, alikuja Unguja na mikeka ya kuuza, akauliza mitaani mpaka akaonyeshwa mlango wangu. Sikumjua, nilipoondoka hakuwa amezaliwa. Lakini alipokaa barazani na kuvua kofia ajipepee, nikaona paji la uso wako, nikajua kilichomleta si mikeka. Akaniambia umefariki, umezikwa kando ya mama yako, na watu walikuwa wengi. Nikamwita mke wangu alete kahawa. Kisha akasema amepewa maneno anifikishie, akayatoa huku akitazama chini, kwa adabu, kama mtoto wa chuo anayemsomea mwalimu.

"Shangazi alisema, mwambieni Bwana Shee nimemsamehe. Na baba anasema mji ni wako, urudi ukitaka. Yamekwisha."

Alidhani ananiletea heri. Nikamshukuru, nikanunua mkeka mmoja ambao sikuuhitaji, nikamsindikiza mpaka kona ya mtaa. Jibu sikumpa. Jibu si lake wala si la baba yake. Ni lako, na wewe hufikiki tena, kwa hiyo nimekaa na kalamu.

Nimesamehewa, basi. Nimesamehewa kwa kukufunga uzazi, kwa kukunywesha maandishi yaliyofunga mji wako wa mimba ili usizae na mwanamume mwingine baada yangu. Hilo ndilo kosa langu katika Siyu. Na aliyenisamehe ni mtu pekee aliyeyajua maandishi yale neno kwa neno.

Acha nikukumbushe, maana naogopa huenda ulisahau.

Nyumba ilikuwa yako. Baba yako alikujengea ghorofa juu ya nyumba ya mama yako kabla hujaolewa, kama ilivyo desturi yetu, nami niliingia na sanduku la nguo, wino wangu na kalamu zangu za mwanzi. Mama yako alikaa chini, na saa za sala wanawake wote wa nyumba mlikutana kwake. Kwa hiyo hapakuwa na siri. Mwanamke akiwa mwezini hasali, na msala uliobaki umekunjwa ukutani huonwa na kila mtu. Misala ya wenzako ilikunjwa ovyo, mara siku mbili, mara nusu ya mwezi, na mara nyingine mwezi mzima ulipita bila kukunjwa, watu wakaanza kunong'ona kwa matumaini. Wako haukuwa hivyo. Mwezi ukiandama, baada ya siku zile zile, msala wako ulikunjwa, na baada ya siku zile zile ulikunjuliwa. Mama yako alijisifu kwa hilo mbele ya shangazi zako kama mtu anayejisifia saa ya ukutani. Wewe mwenyewe, tangu Shaabani, ulikuwa ukijua ni siku zipi za Ramadhani utakula, na uliwacheka wenzako walioshtukizwa katikati ya funga.

Kwa watu wa nyumba yenu, hilo lilimaliza maneno. Mwanamke anayeona damu kwa wakati wake ni mzima. Mimi pia niliamini hivyo. Nilikuwa nimeisoma fiqhi ya hedhi mlango mzima, hukumu ya damu nyeusi, nyekundu na ya manjano, na hakuna mwanachuoni niliyemwona ameandika kwamba damu yaweza kuja sawasawa, mwezi kwa mwezi, na nyuma yake pasiwe na kitu.

Mwaka wa kwanza watu walifanya mzaha. Shangazi yako aliniuliza, nikiwa kati ya wageni, kama wino wangu umekauka. Nikacheka, na wageni wakacheka. Mwaka wa pili hakuuliza tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamebadilika.

Kombe lilikuwa wazo lako. "Wawaandikia watu wa Pate na wa Faza," ulisema, "na mimi mkeo hujaniandikia." Ulisema kwa utani, lakini sahani ulikuwa umekwisha kuichagua, ile nyeupe yenye ukingo wa buluu. Nikaloweka zafarani. Tangu siku ile, kila ulipooga na kutwahirika, niliandika. Niliandika dua ya Nabii Zakaria alipomwomba Mola asimwache peke yake, na chini yake aya za kuumbwa mtu tumboni mwa mama yake, mstari kwa mstari kuzunguka sahani mpaka katikati. Kisha niliiweka dirishani ikauke.

Wewe uliichukua na kuisoma. Kila sahani, Mwana Esha. Ulisogea penye mwanga, ukafuata maneno kwa kidole bila kugusa, midomo ikitembea. Baba yako alikusomesha mwenyewe, ukawa unasoma vizuri kuliko nusu ya vijana wa chuo changu cha Kurani. Mara mbili ulinirudishia nikaongeze nukta niliyoisahau. Na siku moja uliangua kicheko mpaka ukakaa sakafuni. "Nun yako hii," ukasema, "ina tumbo kunishinda." Nikaitazama. Kweli, herufi ile nilikuwa nimeichora duara, imejaa. Tulicheka pamoja. Ukamimina marashi ya mawaridi, ukaizungusha sahani polepole mpaka maandishi yakawa maji ya manjano, ukanywa, na yaliyobaki ukayafuta kwa kidole ukaramba. Nimewaandikia watu wengi tangu siku hizo. Sijamwona aliyekunywa kama wewe.

Kisha mwezi uliandama, na msala ukakunjwa kwa wakati wake.

Aliyetamka ni mama yako. Nilikuwa napanda ngazi, naye yuko chini na Bakari, wala hakushusha sauti. "Mwanangu hakosi mwezi hata mmoya," alisema. "Yeye ni mzima. Mbovu mtafuteni kwengine." Nilisimama ngazini na viatu mkononi, ndani ya nyumba ambayo si yangu, nikasikia Bakari akisema ndiyo, mama, ndiyo.

Bakari alinijia kwa upole mwanzoni. Alisema dada yake ni kijana, hawezi kuachwa azeeke akisubiri kwa mtu asiye na uzazi. Nilikataa. Alinijia tena, safari hii bila upole, nikakataa. Ningeendelea kukataa mpaka leo. Lakini alasiri moja ulikuwa ukikunja nguo, hukuinua uso, ukasema, "Niate, Bwana. Nataka mwana."

Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Nilikupa talaka moja, si tatu, ili mlango ubaki umeegeshwa. Nilipanga chumba karibu na msikiti nikasubiri ujute. Maana ndani ya edda neno moja tu lingetosha nikurejee. Wapo wanawake ambao edda yao huvuta na kuvuta, mwezi haueleweki, mume akapata wasaa wa kutuma watu, wa kuomba, wa kupita mlangoni kama bahati mbaya. Katika madhehebu yetu edda yako ilikwisha damu ya tatu ilipoanza, na ya tatu ilianza pale pale ilipotarajiwa. Mwezi wako haukunipa hata siku moja ya ziada.

Bwana Omari alikuja kutoka Pate akakuoa. Alikuwa mjane, ana watoto wanne wanaokimbia uani, na hakuna ambaye angemtilia shaka. Mimi nilibaki Siyu, nikifundisha na kunakili. Kila Ijumaa niliomba upate mimba. Ukitaka kuniamini, niamini: niliomba hivyo nikijua kwamba siku utakayozaa ndiyo siku mji mzima utakayosema mbovu alikuwa mimi. Niliona bora niwe mimi, mambo yaishe.

Hukuzaa. Na wanawake walisema msala wako bado unakunjwa vile vile, hausogei. Sasa watu wa nyumba yenu wakakwama. Mwanamke ni mzima, maana anaona damu yake. Mwanamume ni mzima, watoto wake hawa hapa. Mtoto hayupo. Lazima kuwe na kitu kati yao, na kilichobaki kati yao kilikuwa mimi. Wakamleta mganga kutoka bara. Akatazama ndani ya bakuli la maji, akasema huyu amenyweshwa. Hilo lilitosha. Nani alimnywesha? Kila mtu nyumbani alikuwa ameiona sahani yenye ukingo wa buluu ikikauka dirishani.

Waliniita barazani kwa Bakari baada ya alasiri. Wazee walikuwa wamekaa pande mbili. Bwana Omari alikuwapo, amekaa mwisho, na namkumbuka kwa wema. Alikuwa na haya, akizungusha tasbihi bila kusoma chochote. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Nilikujua kwa kikohozi chako. Wakaniuliza niliandika nini, nikawaeleza, nikawasomea yote mwanzo mpaka mwisho. Mzee mmoja akasema, na kwa kweli alisema kwa haki, kwamba maneno ya mtu mwenyewe hayamtoshi, lakini yupo aliyekunywa, na huyu ni binti wa mtu aliyesoma. Basi aulizwe kama aliyaona maandishi.

Bakari akageuka kwenye pazia akakuuliza.

Nilitulia, Mwana Esha. Nilitulia kabisa. Nilijiambia, sasa yanakwisha, na hata kicheko cha ile nun kilinijia mdomoni nikakizuia. Nikakungoja.

"Nilikunwa tu," ukasema. "Siyui aloandika."

Hakuna aliyeshangaa. Wanawake wengi hunywa wasichokisoma. Katika mkutano ule watu wawili tu walijua kwamba hayo si kweli, mmoja mbele ya pazia na mmoja nyuma yake.

Baada ya hapo hawakunitukana. Waliniomba, tena waliniomba sana. Nilichotakiwa ni kuandika kombe lingine la kufungua. Bwana Omari alinifuata njiani akaniambia kwa sauti ya chini, "Andika chochote, Bwana Shee. Hata kama ni maji matupu, mpe anywe, tupumue." Nikamwambia anayefungua ni yule aliyefunga. Nikiandika herufi moja nimekiri. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa mbishi, akaenda zake.

Kabla mwezi haujaisha chuo changu kilikuwa kitupu. Kila mzazi alikuwa na sababu, huyu mtoto ana homa, yule ana kazi shambani. Salamu waliijibu, lakini kina mama waliokutana nami waliwavuta mabinti zao upande wa pili wa njia. Nani ataleta karatasi zake zinakiliwe na mkono unaofunga matumbo? Hakuna aliyenifukuza. Nilishuka na sanduku langu mpaka mkononi mwa bahari, nikapanda mtumbwi, nikalala Lamu, kisha meli. Njia ilikuwa wazi, na hakuna aliyesema kaa.

Huku Unguja nilifundisha, nikatafsiri hati za Kiarabu kwa mawakili, nikamwoa Bi Salma, mwanamke mwema, nikapata wana wawili na binti mmoja, Zuhura. Huenda wewe ulidhani jambo hili lingenisafisha. Nami nilidhani hivyo alipozaliwa wa kwanza. Kisha mtu wa Faza alinikuta sokoni, akanieleza huku akicheka yanayosemwa huko: "Kwake kafungua, kwetu kaacha pamefungwa." Watoto wangu wakawa ushahidi. Kama nisingezaa, ningekuwa mbovu. Nilipozaa, nikawa mchawi. Sikuweza kumbeba mtoto wangu hata mmoja bila kukumbuka kwamba huko kwetu jina lake linatajwa kwa tuhuma hiyo.

Sasa nikupe habari mpya, ndiyo sababu nimeandika mwezi huu na si siku ile aliyokuja Mahadhi.

Zuhura ameolewa huu mwaka wa tano na hana mtoto. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nasoma, Bi Salma yuko chumba cha pili na dada yake. Nikamsikia akisema, "Mwanangu hakosi mwezi. Kosa ni la mwanamume." Hakumjua mama yako. Hajafika Siyu maisha yake yote. Maneno yale yale, Mwana Esha, na sauti ile ile ya kujisifu. Nilifunga kitabu, nikavaa kanzu, nikamwambia Zuhura avae buibui twende hospitali.

Daktari ni mwanamke wa Kihindi, mkali kidogo, anazungumza Kiswahili cha mjini. Alimpima kwanza mkwe wangu, mume wa Zuhura, akasema hana neno. Kisha akampa Zuhura kipimajoto ajipime nacho mdomoni kila asubuhi kabla hajashuka kitandani. Tuliporudi mwezi ulipokwisha, alimwita ndani, nami nikataka kubaki nje kwa heshima, akasema, "Ingia, mzee, mambo haya yanaharibika kwa sababu ya kukaa nje." Nikaingia nikautazama ukuta.

Alieleza polepole. Kila mwezi mji wa mimba hujitandika, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Kwa kawaida katikati ya mwezi yai la mwanamke hutoka mahali pake na kuteremka, na mtoto hawezi kuanza bila hilo yai. Likitoka, huacha nyuma kitu kinachopandisha joto la mwili kidogo, na ndicho alichokuwa akikitafuta kwa kile kipimajoto. Joto la Zuhura halikupanda. Yai halikutoka. Lakini matandiko yalitandikwa vile vile, na muda wake ulipofika yalibomoka yakatoka damu, kwa wakati wake, kama mwezi wowote. Kwa nje hakuna tofauti.

"Damu inatuambia habari za mji, mzee," alisema. "Habari za yai haituambii."

Nikamwuliza, nikiutazama ukuta bado, kama jambo hilo laweza kumpata mwanamke ambaye hakukosa mwezi hata mmoja, miaka na miaka. Akasema laweza, ingawa si kwa wengi. Yeye mwenyewe asijue, na mume wake asijue, na mama yake asijue.

Aliposema mama yake, nikaanza kulia. Zuhura alidhani namlilia yeye. Akanishika mkono akasema, "Baba, amesema miezi mingine huenda likatoka, usilie." Ni kweli, daktari alisema hivyo, na alisema pia kwamba dawa ya hakika bado hana. Nikamwacha Zuhura adhani anavyodhani.

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ulivyokuwa. Wewe hukupimwa na mtu. Lakini nimeyageuza mambo yetu huku na huku, na hakuna maelezo mengine yanayoyakusanya yote: wewe uliyekuwa na saa mwilini, mimi niliyezaa kwingine, Bwana Omari aliyezaa kabla. Si mimi niliyekuwa mbovu, wala si yeye, na wewe hukufungwa na mtu. Kilichokosekana kilikuwa kidogo kuliko nukta ya herufi, na mji mzima uliuhesabu mwezi wako usijue unahesabu nini.

Nilitoka hospitali na furaha. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mzee wa umri wangu, nikikutungia barua kichwani, na barua hiyo ilikuwa ya upole kuliko hii. Nilifika, nikakaa kitini, na furaha ikakatika.

Maana daktari alinifunulia jambo ambalo hakuna mtu Siyu angeweza kulijua, na kwa kutolijua nawasamehe wote, mama yako, Bakari, hata yule mganga na bakuli lake. Lakini wewe hukuhitaji daktari. Ulichokijua kilitosha. Ulikuwa umesoma sahani.

Najua kwa nini ulisema uliyosema. Nilijua tangu nikiwa ndani ya mtumbwi. Kama sahani zilikuwa safi, mimi ni safi. Bwana Omari ni safi. Wangegeuka wote kwa pamoja wakutazame wewe, na ulikuwa kijana, umekwisha kuachwa mara moja, na mama yako amekaa nyuma ya pazia hilo hilo amekushika nguo. Uliona wapi pa kukimbilia, na palikuwa mgongoni mwangu. Hilo nililielewa, na miaka ilivyopita nikalizoea, kama mtu anavyozoea mguu unaochechemea.

La pili silielewi. Mahadhi anasema walikuzunguka kitandani wakakuuliza, kama anavyoulizwa kila anayeaga, kama kuna mtu unayemdai. Na ukanitaja mimi. Mama yako alikuwa amekwisha kufa. Bwana Omari alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa na pazia wala mkutano wala wa kumwogopa. Ungeweza kuomba, Mwana Esha, na badala yake ukatoa. Mkono wa mwisho uliouinua duniani uliutumia kunipa msamaha wa kosa ambalo wewe peke yako ulijua halikuwapo.

Au uliliamini? Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi tangu Maulidi. Labda kila msala ulipokunjwa, mwaka baada ya mwaka, ulirudi ukaiwaza ile sahani, mpaka maneno uliyoyafuata kwa kidole yakafutika kama yalivyofutika kwa mawaridi, yakabaki maji ya manjano tu na mkono wa mwanamume anayekupa. Kama ni hivyo, basi hukunisingizia mara ya pili, ulisema ulichokiona. Na kama ni hivyo, tangu siku ulipozikwa hakuna mtu duniani ila mimi anayejua kilichoandikwa pale. Sijui lipi kati ya haya mawili ni baya zaidi, na wewe huwezi tena kuniambia.

Zuhura ameniomba nimwandikie kombe. Sitamkatalia, daktari amesema miezi mingine huenda yai likatoka, na dua haigombani na daktari. Lakini hatakunywa kama ulivyokunywa wewe. Kabla tone la marashi halijagusa sahani, ataisoma kwa sauti mbele ya mumewe na mkwewe na mama yake, mstari kwa mstari, nao waitikie amina. Nakuahidi hilo. Mwanamke mwingine hatakunywa mwandiko wangu bila masikio ya watu.

Na kila usiku wa kuamkia Ijumaa nakusomea Yasini. Nimekwisha kuanza, na nitaendelea mpaka nami nisomewe. Lile la pazia nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Hili la kunisamehe, bado. Siku litakaponitoka kifuani nitalisema kwa sauti, popote nitakapokuwa, ulisikie.

Lala salama, Mwana Esha. Ukikutana na mama yako, mwambie alihesabu sawasawa na hakukosea hata mwezi mmoja, ila alikuwa akihesabu kitu kingine.

Bakari nitampelekea, kwa mkono wa Mahadhi, ubani wa hitima yako na salamu zangu. Amesema mji ni wangu. Lakini nikiingia Siyu sasa nitaingia kama aliyesamehewa, watu watanipa mkono kwa ajili hiyo, nami kila mkono nitakaoupokea nitakuwa nimekiri. Nilikataa kuandika herufi moja siku ile. Leo mimi ni mzee, na mguu wangu ungekuwa hiyo herufi.

Sitarudi.

Shee